Viazi vya Mudende

Mwisho wa siku gide alitugawia karatasi ya maoni. Karatasi ndogo tu, nusu ya ukurasa wa daftari, yenye visanduku vitano kuanzia "mbaya" mpaka "bora kabisa", na chini yake mistari mitatu ya mtu kuandika. Rafiki yangu akanisukumia kalamu. "Andika wewe, si wewe ndiye mwandishi." Niliweka alama kwenye "nzuri sana", nikaandika kwamba sambaza zilikuwa za moto, na kwamba boti ingetoka mapema zaidi kabla upepo haujaanza. Mistari ikaisha. Haya mengine ni yale ambayo hayakuenea.

(Naandika gide, kwa Kifaransa chetu cha mtaani. Mwalimu mmoja Mtanzania aliwahi kunionya nisijaribu kulichukua neno hilo kutoka kwa Kiingereza, maana nitajikuta nimeandika gaidi.)

Najua swali la kwanza la msomaji wa Mahama: mkimbizi amefikaje kwenye utalii? Kwa mgongo wa mtu, kama kawaida. Mimi na rafiki yangu tulikulia Gihembe, safu moja ya nyumba, choo kimoja. Yeye na wazazi wake walipata prosesi ya Marekani, sisi tukabaki. Mwezi wa nane wa mwaka 2024 alirudi kwa likizo, akanitumia nauli ya basi hadi Kigali, na kutoka Kigali tukaenda pamoja Rubavu, mji ambao wazee wetu bado wanauita Gisenyi. Alikuwa amelipia matembezi ya siku nzima ya watu wawili: mji, maji ya moto, chakula cha kienyeji, boti. "Nataka nione vile watalii wanaona," akaniambia. Kwenye orodha ya gide tuliandikwa sote wawili kama wageni kutoka nje. Na si uongo. Sote tuko nje ya nchi. Yeye ana wiki tatu, mimi nina miaka 28.

Nayachambua matembezi haya kama ningechambua hadithi au tamthilia, kwa sababu ndivyo yalivyo. Yana mwanzo, yana vichekesho vilivyowekwa mahali pake, yana sehemu za kupumzika, na yana mambo ambayo mtunzi ameamua yasiingie. Gide hakuyatunga peke yake. Ameyarithi kwa magide waliomtangulia, na kila mgeni aliyecheka au aliyepiga miayo amechangia kuyakata na kuyaunga. Kwa hiyo ninachokosoa ni matembezi, si kijana aliyetuongoza. Yeye alikuwa na adabu, alifika kabla ya saa, na viatu vyake vilikuwa vimepigwa rangi. Nilimuomba ruhusa ya kuandika, akakubali, akasema nisitaje jina lake wala la kampuni. Sitaji.

Mwanzo ulikuwa pwani ya mji, saa mbili asubuhi. Barabara ya kando ya ziwa ina miti mikubwa na mitende, na nyumba za zamani za wakati wa mkoloni ambazo zingine zimekuwa hoteli. Gide alituambia Wajerumani walikuwa hapa, halafu Wabelgiji. Akatuambia Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko, kwa hiyo tusiogope kuoga. Halafu akatusimamisha mahali palepale anaposimamisha kila mtu, mgongo wetu ukiwa upande wa magharibi, ili picha itoke na ziwa, mji wa ng'ambo, na mlima Nyiragongo nyuma.

"Kule nyuma yenu ni Congo," akasema kwa Kiingereza. "Mmeshawahi kufika?"

Rafiki yangu alinitazama. Nikajibu, "Kidogo."

Picha ninayo. Tunacheka wote wawili, na Goma iko katikati ya mabega yetu.

Hapo ndipo penye kosa langu la kwanza na matembezi haya. Mji wa Gisenyi hauelezeki bila Goma. Ni mji mmoja uliopitishwa mstari katikati, na mstari huo haukuchorwa na mtu wa hapa. Ulikubaliwa Brussels mwaka 1910, kati ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma na kisiwa cha Idjwi vikaenda kwa Wabelgiji. Mwaka 1976, Rwanda, Burundi na Zaire walikutana humuhumu Gisenyi wakaanzisha ile jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na ofisi zake zikawekwa mjini hapa. Mzazi yeyote wa Kikongomani au wa Kirundi anakumbuka karatasi ya CEPGL ya kuvukia. Wasomaji wa gazeti hili la kwetu wanatoka nchi hizo hizo tatu. Katika matembezi ya saa tisa nchi hizo hazikukutana hata mara moja. Congo ilikuwa pazia la nyuma, kama zile picha za maporomoko ya maji kwenye studio za wapiga picha.

Gari lilipita karibu na Petite Barrière bila kusimama. Nilitazama dirishani. Wamama wenye beseni za nyanya na vitunguu, vijana wenye magunia, wale ndugu walemavu wanaosukuma baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopakiwa mpaka mwenye nazo haonekani. Pale hupita maelfu ya watu kila siku kwa miguu, na jioni wanarudi. Kama kuna kitu cha kuonyesha mgeni Gisenyi, ni hicho: watu wanaokwenda nchi ya kigeni kuuza mchicha na kurudi kupika. Gide akasema hairuhusiwi kupiga picha mpakani. Sawa kabisa. Lakini kusimulia hakujakatazwa.

Nimpe haki yake kwa Nyiragongo. Hapo alikuwa hodari. Alitaja urefu, mita 3,470, akataja mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya Goma mpaka ikaingia ziwani, na watu wakamiminika upande huu. Lakini alipofika Mei 2021 sauti ilibadilika. Aliacha ile sauti ya kukariri. Alituambia jinsi ardhi ilivyotikisika siku baada ya siku, nyumba za Gisenyi zikapasuka, familia yake ikalala nje chini ya shitingi, na watu wa Goma wakaja tena na magodoro kichwani, na dada yake akapokea familia ya watu saba ambao hakuwajua. "Tulipika sufuria moja," akasema. Dakika tano hizo zilikuwa na uhai kuliko asubuhi nzima, na sababu ni rahisi: alikuwepo.

Ile sauti ya kukariri naijua kwa sababu ni yangu pia. Hili nililigundua tukiwa njiani kuelekea Rubona, na likanipunguzia kiburi cha uhakiki. Mimi ni mkalimani. Ujumbe ukifika kambini, wafadhili au mabalozi au waandishi wa habari, mara nyingi mimi ndiye ninayetembea mbele na wao nyuma. Njia ni ileile. Kituo cha afya. Shule, darasa lenye madirisha mazima. Ushirika wa cherehani. Yule mama mwenye bustani ya magunia, ambaye ameulizwa mara nyingi kuhusu magunia yake hata sasa anajibu kabla sijatafsiri. Mahali pa kupigia picha ni kilimani, mabati yote yanaonekana na mto Akagera kwa mbali. Utani wangu uko mahali pake, baada ya cherehani. Mwisho ni chakula cha kienyeji, sombe na ndizi, ambacho wamama wamepika toka alfajiri, na wageni hugusa kidogo kwa sababu ya tumbo. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mnaijua njia hii, mmeipita na mimi. Hakuna aliyetukataza kupita kwingine. Imejikata na kujiunga yenyewe, kama ya Gisenyi.

Basi niliposikia utani wa gide kuhusu kiboko asiyekuwepo, nilijua umetumika mara ngapi.

Kuhusu maji ya moto ya Nyamyumba sina mengi. Ni ya moto. Watu hukaa na miguu ndani, mzee mmoja anakukanda kwa pesa kidogo, watoto wanapika mayai. Rafiki yangu alifurahi sana. Kiwanda cha bia, kilichoanza mwaka 1957, tulikitazama kutoka nje, na gide akatueleza kwamba chini ya ziwa kuna gesi, na kwamba kiwanda hicho kilikuwa kinachemshia bia kwa gesi ya ziwani tangu miaka ya 1960. Mtambo mmojawapo wa umeme wa gesi hiyo uko kusini, Karongi, tangu 2016. Hiyo ni habari nzuri na aliisema vizuri. Hakuongeza kwamba gesi hiyo hiyo ndiyo inayowafanya wataalamu walitazame ziwa hili kwa wasiwasi, wakifikiria lava na maji vikikutana vibaya. Mgeni ameshavua viatu, nadhani si wakati wa kumwambia.

Chakula tulikula Rubona, chini ya paa la nyasi, ziwa likiwa hatua kumi. Hapa nitakaa kidogo.

Kilikuwa chakula kizuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wa uhakiki husahau kusema kitu kizuri ni kizuri. Sambaza zilikaangwa zikakauka, unazitafuna na kichwa, na pilipili ile ya njano ya matone mawili tu. Brochette za mbuzi. Ndizi za kuchoma. Ugali wa muhogo. Sombe. Na sahani ya viazi mviringo, birayi, vilivyochemshwa na maganda yake, moto, vimepasukapasuka juu.

Gide alisimama kutueleza kila sahani. Alipofika kwenye sombe alisema, taratibu, kwamba haya ni majani ya muhogo, yanatwangwa kwenye kinu, yanapikwa saa nyingi. Rafiki yangu aliinama kuelekea sikio langu. "Banatufundisha sombe," akanong'ona. "Mama akisikia hii atakufa na kicheko." Tulicheka kama watoto wa shule. Gide naye akacheka, akidhani ni kwa sababu ya kinu.

Halafu sambaza. Alisema huyu ndiye samaki wa asili wa Ziwa Kivu. Hapo sikuweza kunyamaza ndani ya kichwa, ingawa mdomoni nilikuwa na samaki. Sambaza si wa asili hapa. Ni wa Ziwa Tanganyika, nduguye dagaa, na alipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na wataalamu wa wakati wa Wabelgiji, kwa sababu ziwa hili lilikuwa na aina chache za samaki na sehemu yake kubwa ya katikati haikuwa na wa kuvua. Akazoea maji, akazaana, akawa riziki ya watu wa pande zote mbili. Mama yangu alizaliwa Masisi mwaka 1952. Ana umri mkubwa kuliko sambaza wa Kivu. Huyo samaki tayari ameandikwa mwenyeji kwenye menyu, na mimi nimeingia Rwanda mwaka 1996 na kitambulisho changu bado kinasema mkimbizi. Simwonei wivu samaki. Ila hadithi ya kweli ni tamu kuliko ile ya "asili", na ingemgharimu gide sentensi mbili tu.

Kisha akafika kwenye viazi.

"Na hivi," akasema, "vinatoka juu, milimani, kwenye udongo wa volkano. Vizuri zaidi vya wilaya yetu vinatoka Mudende."

Kwa wafanyakazi wapya ambao hawajui: Mudende ni sekta moja ya wilaya ya Rubavu, juu, upande wa volkano. Mwaka 1996, sisi tuliokimbia Masisi na kwingine Kivu ya Kaskazini, wengi wetu tuliwekwa kambi pale. Agosti 1997 wapiganaji waliokuwa wanaingia usiku kutoka ng'ambo, abacengezi, waliivamia kambi. Waliuawa watu wengi. Walionusurika walikimbia, halafu wakarudishwa palepale. Desemba wakavamiwa tena. Baada ya hapo ndipo tulipopelekwa Byumba, Gihembe, mbali na mpaka, na tukakaa Gihembe mpaka ilipofungwa mwaka 2021 na tukaletwa Mahama. Kila mwaka tunakumbuka, mnatuona na mishumaa. Dada yangu mkubwa alibaki Mudende. Rafiki yangu alibakisha babu na wajomba wawili.

Yeye aliweka uma chini. Mimi nilikuwa na kiazi mkononi, na nilikila. Nasema hivi kwa sababu alinilaumu baadaye, na nimefikiri sana. Sijui kama ningeweza kufanya kingine. Kilikuwa kiazi. Kilikuwa kitamu, gide hakudanganya.

Rafiki yangu alimwambia yote. Kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, dakika kama kumi. Tarehe, idadi ya familia yake, choo alichojificha ndani yake akiwa na miaka saba. Gide alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha mezani kikiwa mkononi. Alisema pole sana. Akasema tena. Akasema hakujua, wageni hawajawahi kusema. Halafu, kwa kuwa ratiba ni ratiba, akasema boti iko tayari.

Jioni ile, hotelini, tulibishana na rafiki yangu mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Yeye anasema Mudende lazima iingie kwenye matembezi. Anasema mji wenye ukumbusho wa Commune Rouge, ambako waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 wanakumbukwa, unajua namna ya kukumbuka. Kwa nini waliokufa mwaka 1997 wakiwa wakimbizi wawe viazi? Anasema mtu akilipa kuonyeshwa mahali aonyeshwe mahali, si menyu. Anasema angelipa hata mara mbili.

Mimi nasema hapana, na bado nasema hapana, ingawa sababu zangu hazijapangika vizuri kama zake. Sitaki Mudende iwe kituo kati ya maji ya moto na boti. Nimeona sura za wageni kambini baada ya mama fulani kusimulia kwa mara ya arobaini, ule ukimya wa sekunde nane, halafu mtu anauliza kuhusu saa ya chakula. Sitaki ukimya wa sekunde nane kwa dada yangu. Lakini vilevile sikutaka kusikia jina lile likitamkwa kwa wepesi, kama jina la duka. Ninachotaka kiko katikati na ni kidogo: kijana anayetamka Mudende kila siku mbele ya watu ajue anachotamka. Asiseme. Ajue tu. Nadhani mtu anayejua hutamka tofauti, kama alivyotamka Mei 2021.

"Wewe unaogopa," rafiki yangu akaniambia.

Inawezekana. Yeye ataandika anachotaka akiwa kwake. Mimi nitarudi Mahama nikatafsiri Jumatatu.

Nirudi kwenye boti, ambayo ndiyo sehemu bora ya siku, na nitaeleza kwa nini.

Upepo ulikuwa umeanza, kama nilivyoandika kwenye karatasi. Tulikwenda polepole. Gide aliacha vichekesho. Alikuwa na vingine vya boti, hilo lazima, lakini hakuvitoa. Kama kazi ya jukwaani tungesema mchezo ulivunjika. Kwa muda mrefu alituonyesha vitu kwa kidole tu: ndege, bomba, makasia. Wavuvi walikuwa wanajiandaa kutoka, zile mitumbwi zao tatu zilizofungwa pamoja kwa nguzo ndefu, nyavu katikati, taa tayari kwa usiku. Wanapoanza kupiga kasia huimba, na wimbo husikika kabla hujaona mtu. Kuna mtalii mmoja kwenye boti nyingine alipiga makofi. Wao hawakugeuka. Hawakuwa wanamwimbia yeye.

Tulipofika mahali ambapo Goma yote inaonekana, nyumba zilizobanana mpaka majini, gide aliongea, na safari hii aliongea Kiswahili. Siku nzima alikuwa ametumia Kiingereza kwetu na Kinyarwanda kwa dereva. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na Gisenyi hata bila sheria watu wanakisema kwa sababu ya soko la Goma. Lakini kwenye matembezi hakikuwemo. Nadhani hakikupangwa.

"Mimi," akasema, "nilizaliwa kule. Nyuma ya mji, upande wa Mugunga. Mwaka 1995. Kwenye kambi."

Msomaji wa eneo hili haitaji kuelezwa Mugunga ya 1995 ilikuwa nini. Julai 1994, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Gisenyi hadi Goma kwa siku chache, kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu juu ya yale mawe ya lava, na kambi zile zilikuwa na wamama na watoto, na zilikuwa pia na waliotoka kuua. Novemba 1996 zilivunjika, wengi wakarudi kwa miguu. Mama yake alirudi naye mgongoni. Kuna maswali ambayo mtu wa upande wetu anaweza kuuliza baada ya sentensi kama ile ya gide. Niliyaona yakipita usoni kwa rafiki yangu moja baada ya jingine. Hakuyauliza. Kijana alikuwa na mwaka mmoja.

"Wageni unawaambiaga?" nikamuuliza.

"Hapana. Watauliza nini? Wao wanauliza kama kuna mamba."

Hivyo ndani ya boti moja tulikuwa watoto watatu wa kambi, aliyezaliwa upande ule na kukulia huku, na wawili waliozaliwa ng'ambo na kulelewa huku chini ya shitingi, na saa nane kabla ya hapo tulikuwa tumepanga mstari kupigwa picha na Goma kama pazia. Sisemi gide awaambie Wazungu alikozaliwa. Maisha yake ni yake, na matabishi yake yanategemea watu waliokuja kupumzika. Nasema tu, kama mhakiki, kwamba matembezi yake yana mtunzi hodari ndani ambaye bado hajaruhusiwa kuandika. Yule wa tetemeko la 2021 na yule wa kwenye boti ni mtu mmoja. Yule wa kiboko ni mwingine.

Mabadiliko ninayoyapendekeza ni madogo, na angekuwa na nafasi kwenye karatasi ningeyaandika. Boti iwe asubuhi, maji yakiwa yametulia, na Goma ionekane kwanza kutoka majini, kama mji, si kama mandhari. Mgeni aelezwe mwaka 1910. Sambaza apewe historia yake ya kweli. Gari lisimame dakika kumi karibu na Petite Barrière, kamera mfukoni, watu watazame tu nani anabeba nini kwenda wapi. Na viazi viliwe bila maelezo.

Nimeandika haya baada ya Januari 2025, vita ilipoingia Goma yenyewe na makombora mengine yakaanguka mpaka Gisenyi, yakaua watu upande huu pia. Gide alinitumia ujumbe siku ile kusema yuko salama. Alisema kazi imesimama. Miezi iliyofuata watu wapya waliendelea kupokelewa Nkamira, mle mle wilayani, kando ya barabara kuu ambayo mabasi ya watalii hupita yakienda Kigali. Baadhi yao sasa ni majirani zetu hapa.

Jioni ile ya Agosti, baada ya karatasi na matabishi, rafiki yangu alienda kutafuta simu yake aliyoisahau kwenye boti. Tulibaki wawili na gide kwenye ngazi za mawe. Alikuwa anakunja karatasi yetu kuiweka mfukoni, bila kuisoma.

"Na kule kambini kwenu," akaniuliza, "wageni bakikuja, munawapeleka wapi?"

Nikamwambia: kituo cha afya, shule, cherehani, bustani ya magunia.

"Na chakula?"

"Sombe," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Na munawaeleza ni majani ya muhogo?"

"Kila mara," nikasema. "Na kinu pia."